Kabla hujavaa kitambulisho cha organizer, uliza nani anadaiwa

Bagamoyo kila mtu ni mwandaaji. Anaeandaa bonanza la mpira ni mwandaaji, anaeleta ngoma hotelini ni mwandaaji, anaekusanya michango ya harusi nae mwandaaji, hata yule anaepanga viti ukimuuliza atakwambia mi ndo mwandaaji hapa bana. Kwa Kiswahili haina shida maana tunajuana, ukisikia "mwandaaji" unajua anaongelewa nani na hela kashika nani. Shida inaanza karatasi ikiwa ya Kiingereza, hapo ndo unakuta organizer, coordinator, planner, promoter, facilitator, host, na kila moja lina mzigo wake na wengi tunachagua lile linalosikika vizuri.

Mi kazi yangu ni kuwapangia wageni shughuli, makundi ya wanafunzi kutoka nje, watu wa semina, familia zinazotaka kujifunza kupiga ngoma na kutembezwa magofu ya Kaole na Mji Mkongwe wa hapa Bagamoyo, na kwakua Kiingereza cha mikataba nimeshakizoea vijana wananitumia wasap siivii zao, mabango, vitambulisho vya kuvaa shingoni, "dada nisaidie, niandike organizer au coordinator?" Na mi siku zote nawarudishia swali, hilo jambo likiharibika mlango utakaogongwa asubuhi ni wa nani? Ukishajibu hilo neno linajichagua lenyewe, hayo mengine ni mbwembwe.

Nimeanza kuuliza hivo baada ya ishu ya kijana mmoja wa mtaani kwetu. Kulikua na tamasha dogo la vijana ufukweni, mwenye hela alikua mtu wa Dar, na huyu kijana kazi yake ilikua kupiga simu, kufatilia kibali, kujua vikundi vitafika saa ngapi na nani analala wapi. Wakamprintia kitambulisho kimeandikwa ORGANIZER, akakipenda kweli, yaani alikua analala nacho. Siku vyombo vya mziki vinashushwa mwenye hela bado yuko foleni Tegeta huko, mwenye vyombo akatoa karatasi yake ya Kiingereza isainiwe ndo spika zishuke kwenye gari, kijana akasaini. Ndani imeandikwa uharibifu wowote wa vyombo utalipwa na Organizer, na hiyo O ni kubwa. Watu wanaidharau herufi kubwa, ila kwenye mikataba ya Kiingereza neno likianza na herufi kubwa katikati ya sentensi maana yake ni mtu maalum aliyetajwa kwenye mkataba huo huo, sio mwandaaji yeyote anaepita. Juu pale kwenye nafasi ya Organizer kulikua na jina la kijana kwa mwandiko wake mwenyewe.

Usiku umeme ukakatika, jenereta ikawashwa, umeme ukaja mkubwa ampifaya mbili zikaungua pale pale, tukasikia ile harufu ya plastiki mpaka kwa wauza chipsi. Asubuhi mzee wa vyombo yuko kwao na kijana, kakaa kwenye kigoda, hana hasira wala nini.

"Mwanangu mi sina ugomvi na wewe, ila hapa imeandikwa Organizer. Na jana shingoni ulivaa nini?"

"Shikamoo mzee. Mzee mi nilikua naratibu tu, mwenye jambo unamjua."

"Namjua sana. Sasa huko kuratibu kumeandikwa wapi?"

Hakukua na jibu, maana hakukuandikwa popote. Wazee wakakaa kikao, mtu wa Dar akatoa nusu kwa mbinde na nusu nyingine mpaka leo ni maneno tu. Organizer asili yake inarudi kwenye neno la Kigiriki lenye maana ya chombo au kifaa, nikimtania yule kijana hivo huwa hacheki, maana vyombo ndo vilivomponza.

Kwaiyo organizer kwa Kiingereza ni mwenye jambo, aliyelianzisha, anaeamua, na ndo kisheria anaetafutwa kwanza. Inaweza kua mtu, kampuni, au taasisi, kwenye lile tamasha kubwa la sanaa la hapa kwetu organizer ni TaSUBa yenyewe, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ile iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, sio mtu flani mwenye redio kolu mkononi. Hao wenye redio kolu wengi ni coordinators, na wapo pia stage managers ambao ni kazi nyingine kabisa, yule wa stejini anaesema nani anaingia na taa ipi inazima, kama huna huyo usijidai una shoo.

Hapo hapo niseme kuna kona nyingine ya hili neno. Mmarekani ukimwandikia kwenye siivii "organizer" bila kusema wa nini anaweza kufikiri unakusanya wafanyakazi waunde chama au unahamasisha mtaa udai haki zake, Obama kabla ya siasa zake kubwa alifanya kazi hiyo Chicago kuanzia 1985 hadi 1988, community organizer, na hakua anapanga disko. Sisi wenyewe tunalo upande huo, CCM wana Katibu wa NEC, yaani Halmashauri Kuu yao, wa Oganaizesheni na hakuna anaedhani yule anahusika na viti na maturubai. Kwaiyo andika event organizer, au festival organizer, mambo yaishe.

Sasa coordinator. Hili ndo neno ninalowapa vijana wengi na wengi wanalipokea wamenuna, wanaona dogo. Mi naliona kubwa tena sana. Coordinator ni yule anaehakikisha watu wasioonana wanafanya kitu kimoja kwa wakati mmoja, dereva, mpishi, mpiga ngoma, mwenye boti, mgeni aliyechelewa ndege. Haamui bajeti, hamiliki jambo, lakini akizima simu masaa mawili kila kitu kinasimama. Ukitaka kumwelewa usiende mbali, ingia pale Caravan Serai, lile jengo la zamani la kupumzikia misafara, uwaze misafara ya zamani iliyokua inatoka hapa kwenda bara. Mbele kabisa anatembea kirangozi, anajua njia. Kuna mnyampara, yeye ndo na wapagazi, nani kaumwa, nani katoroka, mzigo wa nani umelowa, leo tunalala wapi. Na nyuma mjini huku amebaki tajiri, mtu kama Sewa Haji, aliyekua anatafutia misafara wapagazi na bidhaa na kuzungusha mtaji, yeye hatembei hata hatua moja ya kwenda Tabora lakini mambo yakienda kombo hela iliyozama ni yake. Kirangozi ndo guide, mnyampara ndo coordinator, na Sewa Haji unaweza kumwita promoter, contractor, operator kutegemea mkataba, ila hakuna mtu wa Bagamoyo wa enzi zile angekosea akamdai mnyampara deni la tajiri. Sisi wajukuu zao ndo tunachanganya.

Na kwenye utalii hii imekaa kisheria kabisa sio ya kuchezea. Tour operator ni mwenye kampuni na leseni ya biashara ya utalii, ile wengi tulizoea kuiita TALA, tour guide ni muongozaji anaejua historia na nae ana leseni yake, tour leader mara nyingi ni yule aliyekuja na kundi kutoka kwao, Mholanzi au Mjerumani, anashika orodha ya majina na dawa za mafua. Kijana ana pikipiki na simu nzuri anaandika kwenye profaili yake "tour operator", siku wakaguzi wakiomba leseni aonyeshe nini? Aandike anachofanya, kama anaunganisha tu wageni na watu wenye leseni basi aseme hivo.

Walioko nje au wanaotafuta kazi nje nao wajue, ukisachi "activities coordinator" Uingereza kazi nyingi zitakazokuja ni za kwenye nyumba za kulelea wazee, kupanga bingo, nyimbo, mazoezi ya kukaa kwenye kiti, sikukuu za kuzaliwa. Ni kazi nzuri ya heshima na mtu wa Bagamoyo aliyekulia kwenye ngoma angewafurahisha wale wazee vibaya mno, lakini usiende kwenye intavyuu unaongelea steji na taa.

Harusi sasa, hapa ndo patamu. Kwa wenzetu wedding planner na wedding coordinator ni vitu viwili. Planner anaanza na bibi harusi mwanzo kabisa, wanakaa na bajeti, anatafuta ukumbi, anapendekeza rangi, anabishana bei na mpishi, anajua kila kitu mpaka soksi za bwana harusi. Coordinator mara nyingi anaingia wiki za mwisho, mipango ishakamilika, anapokea makaratasi na kuhakikisha siku yenyewe inaenda. Bei zao kwahiyo haziko sawa.

Njoo kwetu. Bajeti inapangwa na nani? Kamati. Ukumbi? Kamati. Nani anakula nini na vinywaji kreti ngapi? Kamati tena kwa kura kabisa na mtu anaweza kununa. Kamati ya harusi ya Kitanzania ndo planner, yenye mwenyekiti, katibu, mweka hazina, na grupu la wasap lenye majina ya waliolipa na wasiolipa mchango. Kwaiyo dada anaejitangaza wedding planner huku kwetu mara nyingi anachofanya ni kucoordinate, anapokea maamuzi ya kamati na kuyatekeleza.

Nilishuhudia hii ikileta moto. Bibi harusi anaishi Uingereza, anaolewa huku kwao, akamwona dada mmoja mtandaoni kajiandika wedding planner, akamtafuta na akategemea huduma kama za kule, atumiwe jedwali la bajeti, chaguo tatu za ukumbi, achague yeye. Dada wa watu nae akatengeneza jedwali zuri tu akalileta kwenye kikao. Baba mdogo wa bibi harusi ndo mwenyekiti, akalishika lile jedwali, akavaa miwani, akavua miwani.

"Mama, hii kazi umetumwa na nani?"

"Na bibi harusi baba, mi ndo planner wake."

"Planner maana yake mpangaji. Sasa sisi hapa toka mwezi wa tatu tunakula maandazi tu?"

Kikao kizima kikacheka ila mwenyekiti mwenyewe hakucheka, na shangazi mmoja akadakia kwamba kama kuna mpangaji basi na michango akusanye yeye. Ilinibidi nimpigie bibi harusi nimweleze kwa lugha anayoielewa, mdogo wangu, your planner is the committee, huyu dada ni coordinator wako, yeye ni macho yako na simu yako huku, maamuzi ya hela muombe baba mdogo kwa adabu. Akaelewa mara moja, malipo yakapangwa upya, na yule dada kwenye profaili yake siku hizi anaandika yote mawili na chini yake anaeleza, ukitaka nipange toka mwanzo bei hii, ukiwa na kamati bei hii. Mi naona kawazidi akili wengi walioko Dar.

MC je? MC sio host, japo mabango yetu yanaandika "hosted by" halafu jina la MC. Kwenye Kiingereza cha televisheni host ni mtangazaji anaeendesha kipindi kwaiyo haijakosewa moja kwa moja, ila kwenye barua ya mwaliko host ni mwenyeji, aliyekualika na anaelipa chakula. Ukimwandikia balozi kwamba host ni MC flani, balozi atamtafuta MC amshukuru kwa ukarimu wake.

Promoter naomba vijana wa mziki na ngumi mnisikilize. Promota ni mtu anaeweka hela yake au anaetafuta hela mezani, anakodi ukumbi, anamlipa msanii au bondia advansi, anatangaza, halafu anasubiri getini. Watu wasipokuja kalia yeye, wakijaa anacheka yeye. Lile pambano la Ali na Foreman Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974, promota Don King aliwaahidi mabondia dola milioni 5 kila mmoja na hakua nazo, zikatoka kwa serikali ya Zaire ya Mobutu, hiyo ndo kazi ya promota, kuahidi kwanza halafu kutafuta. Meneja ni kinyume chake, yeye yuko upande wa bondia, anambania promota ili mtu wake apate zaidi. Wamarekani waliona hatari ya mtu mmoja kukaa pande zote mbili mpaka wakatunga sheria mwaka 2000, ina jina la Muhammad Ali, inamzuia promota kua na maslahi kwenye umeneja wa bondia. Sasa huku unakuta kijana mmoja ni "manager, promoter and organizer" wa msanii huyo huyo, kwenye kadi moja, na msanii anafurahi kwamba ana timu. Timu gani, si anajadiliana bei na mwenyewe!

Alafu wapo wale mabinti wa tisheti za kampuni wanaoonjesha juisi sokoni, nao tunawaita mapromota na Kiingereza kinakubali, wanatangaza bidhaa. Ila siivii ikisema promoter tu mwajiri hajui kama uliwahi kuweka mamilioni getini au uliwahi kushika trei. Ongeza neno moja mbele.

Kuna facilitator. Mwezeshaji, la semina hili, linajulikana, sio mwalimu wala mtoa mada, ni mtu anaewafanya wengine waongee na wafikie jambo lao, ukiona anasoma slaidi toka asubuhi mpaka chai ya saa kumi huyo ni lecturer kavaa kitambulisho cha watu. Hatari yake iko kwenye invoisi. Kikundi kimoja cha utamaduni kilipokea wageni kutoka Uingereza, kwenye invoisi wakaandika mstari mmoja "facilitation fee", wao wakimaanisha posho ya mkalimani na nauli ya wazee waliokuja kusimulia. Mhasibu wa kule akagoma kulipa, akatuma imeili ndefu ya maswali. Sababu ni kwamba kwa Kiingereza cha sheria facilitation payment ni ile hela ndogo ya kumlainisha mtumishi wa umma aharakishe mhuri, na sheria ya rushwa ya Uingereza ya mwaka 2010 haina msamaha na hiyo hata ikiwa kidogo. Sheria ya Marekani ya 1977 imeacha kamwanya kwa malipo ya namna hiyo, lakini kampuni nyingi haziyataki hata kuyasikia. Walivoileta kwangu nikafuta neno moja tu, tukaandika mkalimani kiasi gani, usafiri wa wazee kiasi gani, hela ikaingia na hakukua na maneno tena.

Ndugu yake kwa hatari ni fixer. Waandishi wa nje na watu wa dokumentari wanalitumia kwa heshima zote, fixer ni mwenyeji anaewatafutia vibali, gari, mkalimani, watu wa kuhojiwa, bila yeye hakuna filamu. Lakini nje ya duara lao neno hilo hilo ndo la wapanga matokeo ya mechi na wazungusha bahasha. Na huku kwetu mtaani fiksi ni uongo! Kijana kaenda ofisi ya kata kujitambulisha na wazungu wake wenye kamera, kibali cha Bodi ya Filamu anacho mkononi kabisa, mtendaji anasoma kadi yake, "Fixer. Haya, leo umekuja kupiga fiksi gani hapa?" Alipitishwa, ila alikaa benchi muda mrefu utani huo ukisimuliwa kwa kila aliyeingia ofisini. Wengi wa kazi hiyo siku hizi wanaandika local producer kama kweli wanasimamia uzalishaji, au production coordinator, na hapa mi sioni mbwembwe, naona usalama.

Arranger achana nalo kabisa, najua kamusi inakwambia arrange ni kupanga lakini mtu akisoma arranger anawaza anaepanga sauti za vyombo kwenye wimbo, au anaepanga maua. Animator nalo hivo hivo, hoteli za Kitaliano zinawaita hivo vijana wanaochezesha wageni ufukweni na kwao ni sawa, ila ukipeleka siivii hiyo kwa Mwingereza atakuomba umtumie katuni zako. Convener ni anaeitisha kikao, anaweza asikiongoze.

Kuhusu s na z, Mmarekani anaandika organizer kwa z tu. Waingereza wengi, magazeti yao na ofisi zao, wanaandika organiser, ila kamusi za Oxford zenyewe zinatanguliza z, kwaiyo akitokea mjuaji wa kukusahihisha muulize ana kamusi gani. Coordinator unaweza kukuta na kistari katikati, co-ordinator, ni Kiingereza cha Uingereza cha kizamani kidogo na sio kosa. Wewe chagua moja uende nayo kwenye bango, barua na vitambulisho, na umwandikie fundi wa kuprinti kwenye karatasi, usimtajie kwa simu, maana kwa simu nimeshaona mabango yamerudi yameandikwa "oganaiza", na fundi anasema si ndo ulivotamka.